Kihenge Kimepata Joto

Jumatano, 3 Aprili

Shemeji yangu, mwizi wa mdogo wangu,

Kaa chini kwanza, maana habari hii ukiisoma umesimama utaanguka, halafu mkeo aseme ni mimi. Nimeshinda. Duka jipya la kompyuta la mjini lilifunguliwa wiki iliyopita, wakagawa tiketi kwa kila aliyepita mlangoni, na katika umati wote ule namba iliyoitwa ni ya mtoto wa mama yangu. Watu walinipisha kama bwana harusi. Mwenye duka, tajiri mwenye kitambi cha heshima, alinishika mkono akasema, "Wewe kijana una nyota." Nikamwambia, mzee, nyota ninayo tangu nilipozaliwa, wewe ndiyo kwanza unaiona.

Zawadi yenyewe ni hizo memori mbili ndani ya boksi. Ni mpya, na sijui kama waziri ana kama hizo. Ningeweza kuziuza nikala maisha, lakini nikakumbuka barua yako, ile ya kulalamika kwamba tangu ofisi kuu wakuletee programu mpya ya kusoma joto la mahindi, kompyuta ya kihenge inazubaa, unabonyeza sasa hivi inajibu ukishamaliza kikombe cha chai. Nikasema, shemeji wa mtu mwenye nyota hawezi kuteseka hivyo.

Kazi ni nyepesi. Zima, chomoa waya ukutani, fungua ubavu wa boksi la kompyuta. Shika kwanza chuma cha boksi ili umeme wa mwilini ukutoke. Utaona memori za zamani zimesimama kwenye vifereji vyake, kila moja ina vibanio pembeni. Sukuma vibanio, zitaruka zenyewe. Weka hizi, pengo la memori likutane na kijinundu cha kifereji, kandamiza mpaka vibanio vilie ka. Basi. Mimi nafanya hivyo nimefumba macho huku napiga soga.

Zile za zamani mpe Breki, dereva wenu, aniletee safari hiyohiyo akigeuza lori. Nina kazi nazo ya heshima. Na mwambie mdogo wangu apunguze kukulisha, picha uliyotuma nilidhani ni mlango wa kihenge.

Wako,
Daktari wa Mashine

*

Jumanne, 9 Aprili

Kwako shemeji, mfalme wa tiketi,

Hongera kwa nyota. Mkeo mtarajiwa, popote alipo, amepata bahati mbaya sana.

Nimefuata maneno yako moja baada ya jingine. Memori za zamani zilitoka vizuri, nikazifunga kwenye kitambaa. Breki alikuwa ameshawasha lori, anapiga honi kama ana mgonjwa ndani, nikamkimbilia nikampa. Ndipo nikarudi kuweka zako. Najua ungeniambia nijaribu kwanza kabla ya kumpa. Nami sasa najiambia hivyohivyo.

Kompyuta haiwaki. Yaani inawaka na haiwaki. Feni inazunguka, taa ya mbele inawaka, halafu inalia pii ndefu, inanyamaza, pii ndefu tena, na kioo cheusi kama usiku. Nimezima na kuwasha mpaka mke wangu ameniuliza kama nafundisha ndege kuimba.

Shemeji, nacheka kidogo tu. Wewe unanijua, ila kazi yangu huijui vizuri, ngoja nikueleze. Kihenge chetu ni kile cha chuma, kirefu, kimejaa mahindi mpaka juu. Ndani zimening'inizwa nyaya kutoka paani hadi chini, na kila waya una macho ya kuhisi joto. Macho hayo yanasema na kompyuta, kompyuta inaniambia mimi. Mahindi yakianza kupata joto katikati, huwezi kujua kwa nje. Chuma kitakuwa baridi kabisa na ndani kunaiva. Ofisi kuu hawatoi kibali cha kufungua chini na kuyatoa mpaka niwapelekee karatasi ya joto iliyotoka kwenye mashine hiyohiyo. Neno langu halitoshi.

Na siwezi kuwaambia imekufa. Ule ubavu ulikuwa na muhuri wao, nimeukata kwa kisu cha jikoni. Nyumba tunayolala ni ya kazi.

Nipe dawa, daktari.

Shemeji yako,
Mlinzi wa Kihenge

*

Ijumaa, 12 Aprili

Shemeji,

Usiogope, kupiga pii ni kuzungumza. Mashine iliyokufa hailii. Ya kwako inakwambia, "Bwana wee, memori zangu sizioni." Maana yake hujakandamiza. Wewe na mikono yako ile ya kubembeleza watoto. Kandamiza kama unafunga sanduku la mtu anayehama.

Zikikataa, fanya hivi. Toa zote mbili. Chukua raba ya mwanafunzi, ile nyeupe, sugua taratibu ile mistari ya dhahabu chini ya memori, halafu pangusa kwa kitambaa kikavu. Usipulize kwa mdomo, mate yako na mashine havielewani. Weka moja tu, kifereji cha kwanza. Washa. Ikikataa, hamishia kifereji cha pili. Halafu jaribu ile nyingine vilevile. Hapo tutajua mgonjwa ni nani, memori au kifereji. Nimefufua mashine ya padri namna hii, ilikuwa imenyamaza tangu mwaka juzi, akataka kunibatiza upya.

Za zamani zimefika salama, zimelala pazuri, usiziwazie.

Mahindi nayo yaambie yavumilie. Mbona babu zetu walihifadhi bila kompyuta?

Daktari wa Mashine na Baadhi ya Magonjwa ya Moyo

*

Alhamisi, 18 Aprili

Shemeji,

Nimesugua kwa raba mpaka mwanangu ameuliza atafutia nini shuleni. Moja moja, kifereji cha kwanza, cha pili, kubadilisha, kugeuza. Nimekandamiza mpaka ubao wa ndani ukapinda kidogo nikasikia moyo unapinda nao. Pii ndefu. Kimya. Pii ndefu.

Labda ni mikono yangu. Zawadi ya watu imefika kwangu nzima, ikashikwa na mtu aliyezoea koleo. Nisamehe kama nimeiharibu.

Babu zetu walitumia nondo, na mimi nimerudi huko. Nimechukua nondo ndefu, naichomeka kwenye mahindi kupitia mlango wa juu, naiacha humo mpaka nimalize kufagia uwanja, naichomoa na kuishika kwa kiganja hatua kwa hatua. Mwalimu wangu wa kazi alinifundisha: ukiweza kuishika bila kuiachia, lala usingizi. Ncha ya nondo jana niliiachia. Shida ni kwamba nondo inaishia juujuu. Ugonjwa uko katikati na kiganja hakifiki.

Asubuhi nikifungua mlango wa juu kuna mvuke kidogo. Na harufu, kama unga uliochachuka. Nachungulia tu, sifanyi zaidi.

Shemeji, acha dawa. Nirudishie zile memori za zamani. Mashine ilikuwa inazubaa, lakini ilikuwa inasema. Mpe Breki, anapita kwako Jumatatu.

Mlinzi wa Kihenge

*

Jumapili, 21 Aprili

Shemeji,

Mbona unakimbilia kurudi nyuma? Mtu akinunuliwa viatu vipya vikambana kidogo havai tena makubazi, anavitembeza mpaka vilegee. Juzi nimeongea na fundi mmoja mkubwa, wa mashine zile za mabenki, nikamweleza kila kitu, tukashauriana kama wataalamu. Bado kuna njia.

Kwenye ubao wa ndani tafuta betri ndogo ya mviringo kama kifungo cha koti. Hiyo ndiyo inayoifanya mashine ikumbuke tabia zake. Chomoa waya ukutani, itoe betri kwa ukucha, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie ili umeme uliobaki uishe. Iache hivyo mpaka kesho yake. Ukirudisha, itaamka kama mtoto mchanga, haijui ina chuki na nani. Itazipokea memori zangu kama kaka na dada.

Za zamani nitazituma safari inayofuata. Kesho Breki ana mzigo wa mbolea na vitu hivi havipendi vumbi.

Mikono yako haina kosa, usirudie kuandika hivyo. Na wewe kuchungulia kunatosha, unasikia? Ushanenepa, huwezi kupita kwenye mlango mdogo.

Daktari

*

Alhamisi, 25 Aprili

Kaka,

Mume wangu hajui ninaandika. Nimempa Breki barua hii kwa nyuma ya lori.

Amekudanganya kwamba anachungulia. Anaingia. Anajifunga kamba kiunoni, mimi nashika ncha huku juu ngazini, anashuka na kutembea juu ya mahindi mpaka katikati na nondo yake begani. Nimemwambia hiyo kazi ina watu wake na vifaa vyake, akasema wenye vifaa ni ofisi kuu na ofisi kuu hatuwezi kuwaita.

Wewe mambo haya huyajui. Mahindi yakiharibika juu yanashikana yanakuwa ganda. Unaliona kama sakafu. Chini yake yanaweza kuwa yameporomoka, pako wazi, na wewe umesimama juu ya ganda. Jana lililia chini ya mguu wake. Nililisikia huku juu. Alisimama kama mtu aliyesahau kitu, akaniangalia, halafu akarudi kinyumenyume, akiweka mguu palepale alipoukanyaga mwanzo. Alipotoka akafanya mzaha kwamba kihenge kimemsalimia. Sikucheka.

Ile ya betri amefanya. Kompyuta imelia vilevile. Sasa hata watoto wanaiga ule mlio, nimewapiga marufuku.

Kila siku harufu inazidi na kila siku anasema kesho itakuwa mara ya mwisho, apate tu pa kuonyesha joto liko wapi. Kaka, tuma zile memori. Sitaki mpya, sitaki utaalamu. Kompyuta ikiwaka atatoa karatasi, ofisi watafungua chini, na hataingia tena mle. Ni hilo tu.

Usimwambie nimekwambia.

Mdogo wako

*

Jumamosi, 27 Aprili

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Memori zinakuja. Safari ijayo ya Breki, bila kukosa. Kuna jambo dogo la kuzikamilisha hapa, si la kukuumiza kichwa. Ningekuletea mwenyewe leo lakini kuna mtu namsubiri.

Kwa sasa nimekutumia kamba. Si kamba ya kuanikia nguo kama hiyo mliyonayo, ninaijua, nilimfungia mbuzi siku ya harusi yenu akakata akaondoka. Hii ni ya wapandaji wa minara, nene, inabeba ng'ombe mzima na mchungaji wake. Muuzaji alitaka kung'ang'ania bei, nikamwambia ni ya shemeji yangu, akaniongezea na chuma cha kufungia. Mwambie ajifunge kifuani, siyo kiunoni. Wewe izungushe kwenye nguzo ya ngazi. Akiteleza, vuta. Vuta kwa nguvu zako zote, itashika.

Na mkataze. Mwambie kaka kasema. Mwambie nitakuja kumtandika mwenyewe.

Kaka yako

*

Jumamosi, 4 Mei

Kaka,

Nakuandikia kutoka zahanati. Mume wangu yuko hai.

Ilikuwa Jumanne. Alisema ana kamba nzuri sasa, kwa hiyo afike mpaka katikati kabisa. Alikuwa anaisifia, anasema shemeji yangu anajua kununua. Alitembea vizuri. Alichomeka nondo, akageuka kunionyesha kwa mkono kwamba inaunguza. Halafu ganda likafunguka na yeye akaenda chini mpaka kwapani. Hakupiga kelele. Sauti iliyokuwepo ni ya mahindi tu, yanatiririka, kama mvua juu ya bati la mbali.

Nikavuta. Ulisema nivute kwa nguvu zangu zote, nikavuta, wakaja wapakiaji nao wakavuta. Kamba yako ilishika. Haikukatika hata uzi mmoja. Lakini mahindi nayo yalikuwa yamemshika, na aliyekuwa katikati ni yeye. Daktari wa hapa anasema tungemwacha alivyo, tukamzungushia mbao kama ukuta na kuchota mahindi yaliyombana, mbavu zisingevunjika namna hii. Mimi sikujua. Ni mimi niliyevuta, kaka.

Anapumua kwa shida. Daktari hasemi atapona wala hasemi hatapona, anasema tusubiri.

Msimamizi wa ofisi kuu amekuja. Wamefungua chini, mahindi yametoka meusi, yanafuka. Ameona muhuri uliokatwa. Akamuuliza mume wangu hapa kitandani nani aliharibu mashine. Akasema ni yeye. Akasema aliletewa memori mpya nzuri na shemeji yake mwenye bahati, na yeye akaziharibu kwa mikono mizito. Imeandikwa hivyo, ameweka dole gumba.

Usiku anaamka ananiuliza kama umekasirika kwa zawadi yako. Namwambia hujakasirika. Anauliza tena.

Sikulaumu kuchelewa. Najua una shughuli. Nataka tu umwandikie mstari mmoja kwamba hujakasirika. Kwako ataamini.

Mdogo wako

*

Jumatatu, 6 Mei

Shemeji,

Mdogo wangu akusomee hii taratibu, asiruke. Akimaliza ampe na yule msimamizi asome, nimeweka jina langu nyuma ya karatasi, lile la kwenye kitambulisho, na mtaa ninaokaa.

Sijakasirika. Nimejaribu kuanza na utani mara kadhaa, nimechana.

Memori za zamani ndizo hizo, ndani ya kitambaa chako mwenyewe. Siku zilipofika kwangu, kabla sijapata barua yako ya kusema mashine imekataa, nilishazipeleka kwa Mama Chapa, yule mjane anayechapa barua za watu pale kwenye kona. Mashine yake ilikuwa imekufa na watoto wake wanategemea hiyo. Nilimwekea mbele ya wateja wake, ikawaka, wakanipigia makofi. Nilipenda makofi yale. Uliponiomba nikurudishie sikuwa na uso wa kwenda kumwambia Mama Chapa mimi siyo mtu mkubwa niliyejifanya. Nilishakwambia zimelala pazuri, nikasingizia na vumbi la mbolea. Jana nilikwenda. Hakunigombeza. Alikuwa katikati ya barua ya mtu, akaacha neno nusu, akazima, akafungua mwenyewe na kunipa mkononi. Akasema, "Ungesema siku ya kwanza."

Na yule fundi wa mashine za mabenki, nilikutana naye kweli. Nilimwonyesha karatasi niliyonakili namba za memori nilizokutumia. Aliangalia mara moja tu. Akasema hizi ni za seva, mashine kubwa za maofisini. Zina umbo lilelile, zinaingia kwenye kifereji bila ubishi, na kwenye kompyuta ya kawaida hazitawaka hata uzisugue mpaka kiama. Aliniambia hivyo kabla sijakuandikia habari ya betri. Nilijua, shemeji. Nilijua, nikakuandikia utoe betri. Nilikuwa natafuta siku ya kupata nyingine bila wewe kujua nilikosea. Kila siku niliyoitafuta wewe ulikuwa mle ndani.

Mikono yako ilizipachika sawasawa. Hakuna fundi angezipachika vizuri zaidi. Msimamizi afute alichoandika.

Mdogo wangu naye alivuta kwa sababu nilimwambia avute. Mimi sijawahi kukiona kihenge kwa ndani. Niliandika tu, kama nilivyoandika mengine yote. Asilibebe hilo.

Nakuja na lori hilihili, niko mbele na Breki, ila yeye ataingiza barua kwanza. Usijilazimishe kuzungumza nikifika. Ukitaka kunifukuza, geuza uso ukutani, nitaelewa, nitakaa nje ya mlango.

Hakukuwa na duka lililofunguliwa, wala tiketi, wala tajiri. Memori zile niliziokota kwenye taka nyuma ya ofisi moja, nikazifuta kwa shati, nikatafuta boksi zuri la kuzitia. Bahati sijawahi kuwa nayo.

Kaka wa mkeo